Annecy na marafiki wa zamani: mwongozo kamili wa wiki ya katuni

Tulikuwa wanne. Mmoja alitokea Muscat, mmoja Nairobi, mmoja Dar es Salaam, nami natokea Lyon, saa mbili hivi kwa treni. Tulisoma wote Tanga, kidato cha kwanza hadi cha nne, na kilichotufunga pamoja hakikuwa masomo. Kilikuwa banda la video la mtaani, viti vya ubao, joto, na watazamaji wanaomwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Miaka ikapita, kila mtu akashika njia yake, urafiki ukabaki kwenye simu: salamu za Idi, picha za watoto, rambirambi.

Annecy ni mji ulio kando ya ziwa, mashariki ya Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Tamasha lake la filamu za uhuishaji lilianza 1960, likawa likifanyika kila baada ya miaka miwili, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ni la kila mwaka, mwezi Juni, wiki nzima. Mwaka 2024 lilipokea zaidi ya watu 17,000 wenye beji ya kuingilia. Mimi nasema katuni kwa sababu ndivyo tulivyozoea, ila usidhani ni mambo ya watoto. Tuzo yao kuu, Cristal, mwaka 2021 ilikwenda kwa Flee, habari ya mkimbizi wa Afghanistan, na 2024 kwa Memoir of a Snail, ya wanasesere wa udongo, yenye huzuni ya kukukaa kooni. Sisi tulilijua jina la Annecy kwa sababu ya Kirikou, yule mtoto mdogo wa filamu ya Michel Ocelot, iliyoshinda hapo 1999.

Nimeandika mwongozo huu kwa kundi la watu watatu hadi watano waliopoteana kidogo na wanaotaka kisingizio kizuri cha kukutana. Anayekwenda peke yake kutafuta kazi kwenye soko la filamu ana mahitaji mengine.

Anzeni Novemba, na chagueni mweka hazina

Kundi la WhatsApp halijawahi kumfikisha mtu popote. Watu husema "mimi nipo" kisha wananyamaza hadi Machi. Tulichofanya sisi ni kuweka tarehe ya mwisho ya kutoa pesa ya malazi, na pesa ikaenda kwa mtu mmoja tuliyemwamini, yule wa Nairobi, ambaye tangu shule hajawahi kukopesha wala kukopa. Asiyetoa siku hiyo hahesabiwi. Ilionekana ukali, lakini watu saba walisema wanakuja na wanne ndio walitoa, na wanne ndio tuliokwenda. Hakuna aliyenuniwa.

Tarehe za tamasha husogea ndani ya Juni, mwaka mmoja juma la pili, mwaka mwingine baadaye. Msikate tiketi ya ndege kwa kukumbuka mwaka jana.

Viza: ombeni Ufaransa, hata kama ndege inatua Uswisi

Uwanja wa ndege wa karibu ni wa Geneva, kiasi cha kilomita 40, na uko Uswisi. Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Sheria ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo, ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa nchi unayotua. Mwenzetu wa Muscat alimwachia wakala mmoja wa safari kila kitu. Wakala akaona "Geneva" kwenye tiketi, akajaza fomu za Uswisi. Ilibidi aanze upya, miadi mipya, ada mpya, presha mpya. Soma fomu yako mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Mimi nashauri mwezi wa Februari au Machi, kwa sababu nafasi za miadi huisha mapema kuliko siku zenyewe. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Unaomba kutoka nchi unayoishi kihalali: Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaombea Muscat, hana haja ya kurudi Dar.

Ufaransa huangalia pia kama una pesa ya kujikimu. Kipimo walichokuwa wakitumia ni euro 65 kwa siku kwa mwenye uthibitisho wa hoteli, na 120 kwa asiye nao, hivyo uthibitisho wa malazi si karatasi ya mapambo. Kama mtafikia kwa mwenyeji anayeishi Ufaransa, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya mji wake kuchukua hati ya kumpokea mgeni, kwa stempu ya euro 30. Hati hiyo huchukua muda. Niliiomba ya mwenzetu mmoja aliyetangulia kufikia kwangu, na mama wa dirishani aliniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi kana kwamba naposa.

Beji ya tamasha ikilipwa mapema, ambatanisha risiti yake. Inaeleza safari kuliko barua yoyote utakayoitunga.

Malazi

Katikati ya mji hujaa miezi kabla, na bei hupanda bila haya. Tafuteni fleti moja yenye jiko, mitaa ya pembeni kama Cran-Gevrier, Seynod au Annecy-le-Vieux, mje mjini kwa basi. Muhimu kuliko umbali ni kujua basi la mwisho linaondoka saa ngapi, maana sinema za usiku hazilisubiri. Siku mbili tulirudi kwa miguu, dakika 40, na kusema kweli ndizo safari ninazozikumbuka zaidi. Ila usipange iwe kila siku ukiwa na mwenzako mwenye goti bovu.

Beji, nafasi na foleni

Kuna namna tatu za kuona filamu. Ya kwanza ni beji, inayokuruhusu kuweka nafasi za maonyesho mtandaoni. Ya pili ni tiketi moja moja, kwa baadhi ya maonyesho. Ya tatu ni uwanja wa Pâquier usiku, bure, wala huulizwi jina.

Ukiwa na beji, siku mfumo wa kuweka nafasi unapofunguliwa kaeni tayari kila mtu na simu yake, mkiwa mmeshaandika orodha. Filamu ndefu zenye majina makubwa huisha kwa dakika. Kosa letu la kwanza lilikuwa kujadiliana wakati mlango umeshafunguka: "Hii au ile?" "Wewe unaonaje?" Tulipomaliza kuheshimiana, viti vimekwisha.

Lakini msikate tamaa, kwa sababu kuna foleni ya wasio na nafasi. Waliojiwekea huchelewa au hulala, na dakika chache kabla ya kuanza viti vitupu hugawiwa walio kwenye foleni. Fikeni saa moja kabla kwa filamu ndefu, nusu saa kwa filamu fupi. Na hapa nina maoni yangu ambayo wenzangu wawili hawayakubali: foleni ndiyo sehemu bora ya tamasha kwa marafiki wa zamani. Huna pa kwenda, huna cha kuangalia, jua la saa nne asubuhi liko mgongoni, na mwenzako anaanza mwenyewe kukwambia ile habari ya kufilisika ambayo kwenye simu aliificha miaka minne. Mezani mtu hukaa na uso wa mezani. Kwenye foleni hana uso wa kukaa nao.

Sasa jambo dogo lililotugharimu asubuhi nzima. Yule wa Dar aliandika kwenye kundi: "Kesho tukutane Bonlieu saa 8." Bonlieu ndilo jumba kuu la maonyesho ya tamasha. Yeye alimaanisha saa nane mchana, onyesho la 14:00. Mimi niliyekaa Ulaya miaka mingi nikasoma 8:00 kama wanavyosoma hapa. Nikafika mapema asubuhi, nikakaa kwenye ngazi na mkate wangu, nikapiga simu zisizopokelewa, nikaanza kuwasema moyoni. Walikuja saa nane kamili, wamelala vizuri, wananiuliza mbona uso umevimba. Tangu hapo ni sheria: kwenye kundi andika saa kwa tarakimu za programu ya tamasha, 14:00, 21:30, basi. Ukitaka kusema saa nane, sema kwa mdomo.

Ratiba ya watu wanne wasiofanana

Msitembee kama kundi la mbuzi. Siku ya kwanza tulijaribu kuona kila kitu pamoja, na kufikia jioni kila mmoja ameshaona filamu mbili asizozitaka kwa kuogopa kumuudhi mwenzake. Tukabadilisha: filamu moja kwa siku ni ya wote, na kila siku anaichagua mtu mmoja bila kupigiwa kura. Nyingine kila mtu ashike njia yake. Tukutane jioni.

Anayechagua ajue haya. Maonyesho ya filamu fupi hukusanya filamu kadhaa kwa saa moja na nusu hivi. Ukichukia moja, vumilia, baada ya dakika nane inakuja nyingine. Kwa kundi lenye ladha tofauti hayo ndiyo salama. Kuna programu za filamu za wanafunzi waliomaliza vyuo, na kwangu hizo ndizo zenye damu zaidi, maana hao hawajafundishwa bado kuogopa. Kuna mikutano ambapo watengenezaji huonyesha filamu isiyokamilika, michoro ya penseli upande mmoja na rangi upande mwingine. Mwenzetu wa Nairobi, mhasibu asiyechora hata mstari, ndiye aliyependa hayo kuliko sote. Alitaka kujua sekunde moja inakula michoro mingapi. Jibu ni kwamba sinema hupita kwa picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wengi wa mkono huchora 12, kila mchoro ukishika picha mbili. Alipiga hesabu ya filamu ya dakika 80 palepale juu ya kitambaa cha karatasi, 57,600, na hiyo ni kama kwenye picha kuna mhusika mmoja tu. Akanyamaza muda mrefu.

Angalieni herufi za lugha. VF maana yake imetiwa sauti ya Kifaransa. VOSTFR ni sauti ya asili yenye maandishi ya Kifaransa chini. Maonyesho mengi ya mashindano huwa na maandishi ya Kiingereza pia, lakini si yote, na kugundua hilo taa zimeshazimwa hakufurahishi. Kama mmoja wenu anakuja na watoto, aende kwenye programu zilizoandikwa ni za watoto. Filamu fupi za usiku zina damu na uchi, na mchoro mzuri haupunguzi hilo.

Ndani ya ukumbi mkubwa

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Ukumbi mkubwa wa Bonlieu una viti karibu elfu moja vinavyoshuka hadi jukwaani, na kabla ya filamu kuanza watazamaji hurusha ndege za karatasi. Si watoto. Ni watu wenye mvi, wakurugenzi wa studio, wanafunzi, wote wanakunja karatasi. Ndege ikifika jukwaani, ukumbi mzima unashangilia kama bao. Ikianguka njiani kwenye kichwa cha mtu, wanaguna.

Kunja hivi. Karatasi ya kawaida ya A4, ikunje kwa urefu upate mstari wa katikati, ifungue. Leta pembe mbili za juu hadi kwenye mstari. Sasa kunja ile ncha yote kuja chini, ili uzito ukae puani. Hapa ndipo wengi hukosea, ndege yao inakuwa nyepesi mbele, inanyanyuka na kurudi nyuma. Leta pembe tena katikati, kunja nusu, toa mabawa mapana. Usirushe kwa nguvu. Isukume, kama unamwachia njiwa. Mwenzetu wa Dar, aliyekuwa fundi wa tiara pale mtaani Tanga, alipita watu wote kwa mkono huo mmoja laini. Ya tatu yake ilikwenda moja kwa moja, ikainama kidogo juu ya viti vya mbele, ikatua jukwaani kwa tumbo. Watu karibu elfu moja wasiomjua walimpigia makofi. Ana miaka arobaini na mbili, ana kampuni, na alikuwa akiruka pale kitini kama mtoto wa darasa la tatu.

Taa zikizimika utasikia midomo ikipasuka gizani, pop, pop, kama vizibo vya chupa au samaki walioko juu ya maji. Itikia. Kisha huja kionjo kifupi cha siku hiyo, mara nyingi kazi ya wanafunzi wa chuo cha Gobelins cha Paris. Na wakati wowote sungura akionekana kwenye skrini, hata akipita mbali kwa nusu sekunde, ukumbi hupaza sauti: "Lapin!" Ni sungura kwa Kifaransa, na hutamkwa kama "lapa" iliyopitia puani. Kaeni macho, maana anayewahi hupata sifa. Yule wa Muscat, mtu mzito, hasemi ovyo, alikaa siku mbili bila kutoa sauti. Siku ya tatu alimwona kabla ya wote, sungura wa kuchorwa kwenye bango nyuma ya mhusika, akasimama na kupiga ukelele kwa lafudhi ya Chumbageni, kule Tanga. Wafaransa wa mstari wa mbele waligeuka kumwangalia, kisha wakampigia makofi.

Filamu yenyewe ikianza, kimya. Hapo banda letu la video lilikuwa na uhuru zaidi.

Usiku wa Pâquier

Pâquier ni uwanja wa majani kando ya ziwa, hatua chache kutoka Bonlieu. Wakati wa tamasha husimamishwa skrini kubwa na filamu huonyeshwa bure. Juni jua huzama huko saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo filamu haianzi mpaka saa nne na robo hivi. Fikeni saa mbili, mkiwa na chakula chenu na kitu cha kutandika. Sisi tulikuwa na kanga mbili za mke wa yule wa Dar, ambazo hakuambiwa zinakwenda kulalia majani ya Ufaransa.

Bebeni masweta. Mchana nyuzi joto huweza kufika 28, usiku ubaridi hushuka kutoka milimani na majani hulowa. Juni pia ni mwezi wa radi pale. Mvua ikitishia, angalieni taarifa ya tamasha kabla ya kutoka. Filamu za hapo mara nyingi ni za Kifaransa bila maandishi. Wawili wetu hawakuelewa neno, nikawa natafsiri kwa sauti ya chini, kisha nikachoka kutafsiri nikaanza kutunga, kama yule jamaa wa kipaza sauti kwenye banda letu aliyekuwa akiweka maneno yake kwenye midomo ya Wahindi. Familia moja ya jirani ilitusikiliza hadi mwisho. Waliuliza ni lugha gani.

Chakula na sala

Mikahawa ya mji wa kale, kandokando ya mifereji, ni mizuri kwa picha na mibaya kwa mfuko. Kuna soko la wazi humo Jumanne, Ijumaa na Jumapili asubuhi. Nunueni mkate, matunda, jibini, mpike fletini. Chakula maarufu cha kule ni tartiflette, viazi na jibini la reblochon, na kawaida huwekwa vipande vya nguruwe ambavyo havionekani mpaka uvitafune. Uliza kabla ya kuagiza. Sisi tulipika pilau siku ya pili, viungo vikiwa vimetoka Muscat ndani ya soksi.

Wanaosali wajue kwamba Magharibi inaangukia saa tatu na nusu usiku na Isha inakaribia saa sita, hivyo onyesho la 21:00 linakata Magharibi katikati. Wenzangu wawili walichagua maonyesho ya mchana na kuacha usiku kwa Pâquier, ambako walisali pembeni kwenye majani bila mtu kuwashangaa.

Daftari

Nunueni daftari moja la kundi. Kila usiku kabla ya kulala, mmoja aandike majina ya filamu zilizoonwa, mtengenezaji, nchi, na neno moja kutoka kwa kila mtu. Ikifika Alhamisi filamu fupi 40 zinakuwa uji mmoja kichwani: yule ndege alikuwa wa Ureno au wa Hungaria? Nyingi hazitafika kwenye jumba la sinema lililo karibu nawe, na bila jina sahihi hutazipata mtandaoni zitakapotolewa. Andikeni jina la asili kama lilivyo, alama zote za juu ya herufi, na mpige picha kila ukurasa uende kwenye kundi usiku huohuo. Letu lilisahaulika kwenye begi la Muscat, na kurasa mbili ambazo hatukuzipiga picha zina doa la pilau juu yake na filamu tatu ambazo mpaka leo tunabishana ziliitwaje.